Kifaransa cha Karatasi

Baraka, tarehe 3 Februari 2002

Shemeji yangu Wilfried,

Nakusalimu wewe, Rosette na watoto. Sisi huku bado tupo. Mwanangu Solange amenizidi urefu, na magauni yangu ya zamani sasa anayavaa yeye. Mihogo ya Lubondja hatukuivuna mwaka huu kwa sababu njia haipitiki, basi tunaishi kwa samaki wa ndagala na unga wa kununua. Jirani yetu Mama Félicité anakusalimu. Bado anasimulia jinsi ulivyoingia mtaroni na baiskeli siku ya ubatizo wa Solange, ukiwa na suti. Barua hii nampa Raphaël wa boti. Usimlaumu akichelewa, siku hizi kila ufuko una watu wa kumsimamisha.

Nina jambo la kukuuliza, kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wa Kifaransa katika jamaa yetu.

Kabla ya Noeli mchungaji Nicolas aliniletea mpangaji wa chumba cha nje, kile ambamo marehemu bwana wangu Henri alikuwa akiweka spana na matairi. Anaitwa Monsieur Roger. Mchungaji anasema ni mtu wa Kinshasa aliyekulia Ubelgiji, na amekuja kuwafundisha watoto Kifaransa kanisani mpaka shule zifunguke. Kiswahili hajui, hata cha sokoni. Kilingala hajui. Ni Kifaransa tu, asubuhi hadi jioni. Mtaa mzima unamheshimu kwa hicho.

“Mama Solange, huyo ni mukubwa,” Félicité aliniambia siku ya kwanza. “Kifaransa inatoka mu kinywa yake kama mu radio.”

Mimi sina raha naye. Hana tabia mbaya. Anafagia mbele ya mlango wake mwenyewe na hanywi. Lakini unamkumbuka Henri akiongea na wale wazungu wa pamba aliokuwa akiwatengenezea malori? Kifaransa chake kilikuwa kifupi, kimejaa mafuta ya gari. Lori likikataa kuwaka aliligonga na spana huku akiliambia, “Ça va aller, ça va aller,” itakuwa sawa tu. Na wale wazungu walimjibu kwa namna ileile, nusu ya maneno wanayameza. Huyu Monsieur hamezi kitu. Akitaka maji anasema, “Auriez-vous l'obligeance, madame, de me donner un peu d'eau ?” yaani nimfanyie hisani nimpatie maji kidogo. Mbuzi wa Félicité alikula sabuni yake, akasimama akamtazama, akasema, “Voilà un événement fort regrettable,” kwamba ni tukio la kusikitisha mno. Juzi alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu. Kidole kikababuka. Akasema, “Hélas,” yaani ole, basi.

Masista walinifundisha mpaka darasa la sita na kushona, kwa hiyo mimi si wa kupima Kifaransa cha mtu. Ndiyo maana nakuuliza. Mtu aliyekulia Ubelgiji anasema hivyo?

Shemeji yako,
Anastasie


Kambi ya Lugufu, Kigoma, 17 Machi 2002

Yaya Anastasie, mkubwa wangu,

Pole na salamu nyingi. Rosette alikuwa na malaria, sasa anasimama. Mvua imebomoa ukuta mmoja wa darasa langu, tunafundisha huku wapita njia wakitusikiliza na kutusahihisha. Solange asiache kusoma.

Nimecheka sana hiyo hélas, kisha nikaacha kucheka.

Ubaoni mimi naandika: Je ne sais pas, sijui. Watoto wanakopi. Lakini kule kiwanda cha sukari nilifanya kazi na mhandisi Mbelgiji, na miaka yote ile sikumsikia hata mara moja akiitamka sentensi hiyo nzima. Alisema “chépa.” Wiki za kwanza nilidhani anaumwa meno. Il y a, kuna, kwake ilikuwa “ya.” Nous, sisi, aliiacha kwenye barua za ofisi, mdomoni ilikuwa on. Nikasikiliza wenzake, na mke wake, na watoto wake, wote ni vilevile. Akikaa mezani kuandika barua kwa mkurugenzi, ndipo maneno yote yanarudi na kujipanga, kila moja na tai yake. Akishaweka kalamu chini, chépa.

Kwa hiyo sikiliza. Huyo mpangaji alijifunza Kifaransa ndani ya kitabu, na kitabu cha zamani, mbali na mtu yeyote anayekisema. Ubelgiji hajaiona. Mtu aliyekulia kule akiungua kidole anatukana kwanza.

Sasa jiulize kwa nini mtu anadanganya alikotoka, wakati huu, katika mji kama Baraka. Mwizi hadanganyi kwa bidii hivyo. Mimi nawaza kuna mtu amemtuma kuwaangalia. Mtazame anakotembea, anauliza nini, anamwandikia nani. Kisha uniambie.

Ndugu yako,
Wilfried


Baraka, tarehe 28 Aprili 2002

Shemeji Wilfried,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya ugali. Nashukuru Rosette amepona. Solange anasoma, usiwe na wasiwasi. Félicité ameuza yule mbuzi wa sabuni.

Nimemtazama kama ulivyosema. Haandiki kwa mtu. Hatembei mbali. Haulizi kitu, na hilo nalo liliniogopesha, kwa sababu mgeni huuliza. Nilianza kufunga mlango wa ndani kwa kuni. Solange akienda kwenye masomo yake nilihesabu sauti za watoto wakiimba vitenzi, nikitafuta ya kwake.

Kisha jambo hili likatokea. Askari walipitisha ng'ombe barabarani, ng'ombe wa kuporwa, kila mtu alijua. Walikuwa wanawapeleka kuchinja karibu na soko. Mmoja mwenye pembe ndefu akakataa kusonga. Wakampiga na fito, akazidi kukaza miguu, akitoa povu. Monsieur Roger alikuwa pale na mimi, tumetoka kununua chumvi. Nikamwona anasogea. Akatoa sauti kwa ulimi, ndogo, ya chini, sijui niiandikeje. Ng'ombe akageuza kichwa, akaja kwake polepole, akaweka pua kifuani pake. Yeye akamshika chini ya taya kama mtu anavyomshika mtoto wake mwenye homa.

“Monsieur,” Félicité akapiga kelele kutoka kwenye meza yake ya samaki, “kumbe ata ng'ombe inajua Kifaransa?”

Watu wakacheka, hata askari. Yeye hakucheka. Akasema, “C'est un pur hasard, madame,” kwamba ni bahati tu, akaachia taya. Siku ile hakula.

Jioni Félicité alikuja kuomba moto. Akasimama mlangoni na kaa lake kwenye kigae. “Mama Solange, ile Kifaransa ya ng'ombe, njo ya wapi?” Nikamwambia kaa litazimika. Akaenda.

Shemeji, yanayofuata siyaweki kwenye karatasi.

Lakini kuna lingine nataka nikuulize, kwa sababu barua yako imenifikirisha. Ulisema mtu anavaa yale maneno ya tai akikaa mezani kuandika kwa mkurugenzi. Mwaka ule wa vita, mlipokimbia wewe na Henri, mimi nikiwa nimenaswa Lubondja kwa mama, niliipata barua yako baada ya miezi mingi. Ninayo hapa. Umeandika: “J'ai le pénible devoir de vous informer que mon regretté frère aîné a trouvé la mort au cours des événements.” Ilibidi nimpelekee mchungaji anisomee: una wajibu mchungu wa kunijulisha kwamba marehemu kaka yako mkubwa alifikwa na mauti wakati wa matukio. Mimi na wewe tumekula sahani moja, tumeongea Kiswahili na Kibembe tangu niolewe. Kwa nini uliniandikia kama mkurugenzi? Na hayo matukio, les événements, ni matukio gani? Huku watu wote walisema basi, ni watu wa milimani wamemuua. Mimi nilinyamaza. Sijui nani alikaa naye, nani alimwosha. Matanga yake sijayafanya mpaka leo, kwa kuwa sijui nilie kitu gani.

Nijibu hilo.
Anastasie


Lugufu, 30 Mei 2002

Yaya Anastasie,

Salamu. Hatujambo.

Nimeelewa usichokiandika. Ni mtu wa juu, wa wachunga ng'ombe. Una mtu wa milimani ndani ya chumba cha Henri, analala mahali pa spana zake. Hukumwambia mtu, na mtoto wa Henri yumo humo humo nyumbani. Kuna vijana wa mtaa wanaojua kazi yao. Waambie. Wewe huna haja ya kufanya zaidi ya hapo.

Kuhusu marehemu, nilikwisha kuandika yaliyopasa kuandikwa.

Recevez, chère belle-sœur, l'expression de mes sentiments distingués.

Wilfried


Baraka, tarehe 22 Juni 2002

Shemeji Wilfried,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Aliyekupa barua hii mkononi ndiye.

Usimwite mtu. Soma kwanza mpaka mwisho, yeye atasubiri. Amezoea.

Kabla barua yako ya Mei, ile yenye salamu za mkurugenzi mwishoni, haijafika nilikuwa nimekwisha kumuuliza. Tulikuwa tunamenya mihogo ya kununua nyuma ya nyumba. Nikamwambia kwa Kiswahili, bila kumtazama, “Yule ng'ombe ulimwambia nini?”

Akamenya muhogo mmoja hadi mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza, na kwa lile neno la kwanza tu ningejua alikotoka. “Nilimuambia atulie.” Halafu akasema, “Mama, mi naitwa Éliezer. Wanatutafuta huku na huku. Bale basoda ba ng'ombe banataka nishike bunduki nipige bandugu yangu kule juu. Na batoto ba huku, nikifungua mudomo tu, nimekufa. Mu Kiswahili bananijua. Mu Kifaransa habanijui.”

Nikamuuliza alikipata wapi. Akasema baba yake alikuwa mchungaji kule kwao, na mmisionari mmoja alipoondoka aliwaachia sanduku la vitabu. “Tulisoma tu, Mama. Hapakuwa na muntu wa kusema naye. Nilizani bazungu banasema vile.”

Nikacheka, shemeji. Sikutaka kucheka. Nikamwambia kwamba kidole kikiungua mtu hasemi hélas. Akaniuliza, “Banasemaka nini?” Nikamwambia sijui, bwana wangu alikuwa anajua lakini hakupenda nijifunze hayo.

Kisha nikamwambia hilo pia, kwamba bwana wangu amekufa, na kwamba watu wanasema ni watu wake waliomuua. Kisu kikasimama mkononi mwake. “Unataka niende?” Nikamwambia amalize mihogo.

Wiki iliyofuata vijana wawili walikuja. Waliuliza kwa adabu, wakiniita mama. Nikasema mpangaji ana tumbo baya la kuambukiza, wakarudi nyuma. Wataendelea kurudi. Mchungaji Nicolas ameongea na Raphaël, Éliezer atapitia rasi ya Ubwari, avuke kwa wavuvi.

Kama ni watu wake waliomuua Henri, mimi sijui. Wewe ndiye unayejua, na hutaki kusema. Nimeamua bila kujua. Nimempa koti la bluu la kazi la Henri, lile lenye doa la mafuta mgongoni, kwa sababu ziwani kuna baridi.

Ukimtoa kwa watu, usiniandikie tena, kwa lugha yoyote.

Anastasie


Lugufu, 11 Agosti 2002

Yaya Anastasie,

Nakusalimu sana. Rosette anakusalimu, na watoto pia. Yeye ndiye aliyeliona koti kwanza. Alikuwa anachota maji, akaacha ndoo. Mimi nilitoka na chaki mkononi, nikaliona lile doa likienda mbele yangu kati ya mahema, na kwa muda mfupi nilikuwa tayari kuita jina. Kisha mtu akageuka, hakuwa yeye, akavua kofia, akasema, “Monsieur, j'ai l'honneur de vous remettre ce pli,” kwamba ana heshima ya kunikabidhi barua hii.

Sitakudanganya kuhusu nilichowaza nikisoma. Niliwaza vibaya. Nilimwacha amesimama juani, nikaisoma mara ya pili.

Kambini nako hawezi kukaa, huku kuna vijana kama wa huko. Nikampeleka kwenye ofisi ya wanaolinda wakimbizi. Pale alikuwa dada mmoja Mfaransa, kijana, amevaa kandambili. Éliezer akajipanga, akaanza hotuba yake. Yule dada akasikiliza, akatabasamu, akamjibu kwa ule mwendo wao: “Ouais, t'inquiète, on va voir ça, mais faut qu'tu m'dises c'qui s'est passé.” Yaani asiwe na wasiwasi, wataliangalia, ila aseme kilichotokea.

Éliezer akaniinamia. “Mwalimu,” akaninong'oneza kwa Kiswahili, “huyu dada anasema luga gani?”

Basi mimi, niliyekuambia umtoe kwa vijana, nikakaa katikati yao nikiwa mkalimani wa Kifaransa kwa Kifaransa. Yeye anasema kama kitabu, dada anasema kama barabara, na mimi nawapelekea. Tulikuwa tunaenda vizuri mpaka dada alipouliza familia yake iko wapi. Akasema, akitazama ukuta, “Mon épouse et mes deux enfants ont trouvé la mort au cours des événements.” Mke wake na watoto wake wawili, wamefikwa na mauti wakati wa matukio.

“Quels événements ?” dada akaniuliza. Matukio gani?

Yaya, sikuweza kumtafsiria. Maneno yale nayajua. Ni yangu, hata mpangilio wake ni wangu. Nilimwambia Éliezer kwa Kiswahili, “Ndugu, sema vile ilikuwa.” Akatikisa kichwa. Tukangoja sana. Kisha akasema kwa Kiswahili, kidogo kidogo, kuhusu nyumba iliyofungwa kwa nje na kuchomwa, na mimi nikamwambia dada kwa Kifaransa chake kifupi. Sitaki kuyaandika zaidi.

Nilirudi nyumbani nikaona kwamba nawe umengoja sana.

Yaya Henri, kaka yangu, hakuuawa na mtu. Tulifika Ubwari tukangoja mtumbwi pamoja na watu wengi, tukanywa maji ya pale pale tulipokuwa wote. Kipindupindu. Alianza asubuhi, na siku ya pili hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Tulikuwa kwenye banda la kuanikia ndagala la wavuvi. Mwanamke mmoja wa pale alimpa maji ya chumvi kwa kijiko, ndiye aliyekaa naye pamoja na mimi. Jina lake sikuuliza. Alipofariki hawakuniruhusu kumwosha. Walimfunika kwa tanga, wakamwagia chokaa, wakamzika na wengine nyuma ya banda, bila wimbo, kwa sababu mtumbwi ulikuwa umefika na watu walikuwa wanapiga kelele tupande. Nikapanda.

Nilipofika huku nilijaribu kukuandikia kwa Kiswahili. Nilifika kwenye neno chokaa, mkono ukakataa. Nikageuza karatasi, nikaandika kwa Kifaransa cha bureau, cha ofisini, na ikaandikika palepale, kama inahusu mtu mwingine. Watu waliposema ameuawa na wale wa juu, nikaacha waseme. Ilikuwa rahisi kwangu kuwa na mtu wa kuchukia.

Asubuhi ile ya mwisho alinitazama nikilia, akaniambia kama alivyokuwa akiliambia lori: “Ça va aller, petit,” itakuwa sawa, mdogo wangu. Hayo ndiyo maneno yake. Sikuwahi kumpa mtu mwingine.

Éliezer wamempeleka mahali pengine, pamoja na wengine wa aina yake. Ameenda na koti. Sikuweza kumwomba alirudishe.

Mdogo wako,
Wilfried


Baraka, tarehe 6 Oktoba 2002

Shemeji yangu Wilfried,

Nakusalimu sana, na Rosette, na watoto. Ukuta wa darasa lako ujengwe. Mvua imeanza na huku kwetu.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Solange akawa wa pili. Alilia, kisha akauliza kama ndagala tunazokula zinatoka kwenye mabanda kama lile, nikamwambia ndiyo, tunakula tu.

Tumefanya matanga. Hakukuwa na mwili, tukaweka spana zake juu ya mkeka. Wanawake walikaa nami usiku mzima, na mchungaji aliimba nyimbo zile ambazo Ubwari hawakuziimba. Nikawaambia watu wazi kwamba Henri ameuawa na tumbo, katika banda la ndagala, na kwamba mwanamke asiye na jina alimpa maji kwa kijiko. Wengine walinitazama kana kwamba nimewanyang'anya kitu. Wale vijana wawili walikuwepo. Walikula, wakaaga kwa adabu, na sijui walichoondoka nacho moyoni.

Félicité alibaki kuosha vyombo. Akaniuliza, huku amenipa mgongo, “Na ule Monsieur ya ng'ombe, alifika?”

“Monsieur gani?” nikamwambia. “Mi sijue Monsieur ya ng'ombe.”

Akasugua sufuria muda mrefu. “Na mi sijue,” akasema.

Chumba cha nje kiko wazi. Kuna vitenzi alivyoviandika mpangaji wetu kwa chaki nyuma ya mlango, vyote kamili, na sijavifuta. Solange anaongea kama yeye sasa. Jana alijikwaa kidole kwenye kizingiti akasema hélas, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Siku ukipata njia ya kupitia Ubwari, nenda nyuma ya lile banda. Umwambie Henri kwamba koti lake liko kwa mtu anayelihitaji. Mwambie kwa Kiswahili chetu, kama tulivyokuwa tukiongea mezani. Kisha, ukiwa bado umesimama pale, taja na jina langu, umsalimie kwa niaba yangu.

Shemeji yako,
Anastasie